Kuacha Pombe: Kutoka Barabara za Madina Hadi Mashamba ya Uasin Gishu



Ndugu msomaji, kila mwaka Shaaban ikikaribia kwisha kuna watu mitaani mwetu wanaoanza kuhesabu siku kwa namna yao. Wamejiwekea ahadi: Ramadhan ikiingia, chupa inatoka. Na ukweli usemwe, wengi wao hutimiza. Siku 29 au 30 hawaonji hata tone. Kisha usiku wa kuamkia Idi unafika, na ikifika alasiri ya siku ya pili wako pale pale walipokuwa. Hapa kwetu Cheptiret, pale barabara ya Eldoret kwenda Nakuru inapopokea njia ya Chuo Kikuu cha Moi, sote tunawajua watu wa namna hiyo, na mlevi anayetamani kuacha hana dini moja wala kabila moja.

Sasa jiulize. Mtu aliyeweza siku 30, ya 31 imemshindaje? Jibu letu la haraka huwa ni kwamba hana imani. Mimi naona jibu hilo ni jepesi mno, na ukifungua vitabu vya historia utaona halina nguvu. Historia inaonyesha kwamba kupiga pombe marufuku ni kazi moja, na kumsaidia mtu avuke hamu yake ni kazi nyingine kabisa. Mahali kazi ya pili ilipoachwa, ile ya kwanza ilikwama. Twende pamoja polepole.

MADINA: HATUA KWA HATUA

Sisi tuliosoma madrasa tulihifadhi aya za pombe kabla hata hatujajua tofauti ya busaa na chang'aa. Lakini mara nyingi tulihifadhi hukumu tukaacha mpangilio wake. Waarabu wa zama zile walikuwa wanywaji hasa. Pombe ilikuwa ukarimu, ilikuwa biashara, ilikuwa mashairi. Haikuondolewa kwa siku moja. Kwanza ikaja aya ya 219 ya Suratul Baqarah, ikaeleza kwamba madhara yake ni makubwa kuliko manufaa. Wako walioacha hapo hapo, wako walioendelea. Kisha ikaja aya ya 43 ya Suratun Nisaa, inayokataza kuikaribia swala katika hali ya ulevi.

Hebu simama kidogo kwenye hiyo ya pili, maana ndipo penye siri. Chukua saa uhesabu. Kutoka Adhuhuri hadi Alasiri ni saa chache, kutoka Alasiri hadi Magharibi hivyo hivyo, na Magharibi na Isha zimekaribiana zaidi. Mtu hawezi kulewa na kulevuka katikati. Wafasiri wanaeleza kwamba mnywaji alibakiwa na nafasi baada ya Isha, au baada ya Alfajiri. Yaani siku nzima ilikatwa vipande, na mtu akazoeshwa kuvuka kipande kimoja kimoja bila kinywaji. Mwili ulizoea kabla amri ya mwisho haijafika. Ilipofika, katika aya ya 90 na 91 za Suratul Maidah, ilikuta watu ambao tayari walikuwa na mazoezi.

Mama wa Waumini Bi Aisha (R.A.) aliufafanua mpango huu katika riwaya iliyomo katika Sahih Bukhari. Maana yake ni kwamba kilichotangulia kushuka ni habari za pepo na moto, mpaka nyoyo zilipotulia ndipo ikaja halali na haramu. Na lau jambo la kwanza lingekuwa kuwaambia watu wasinywe, wangekataa katakata. Ni maneno ya mtu aliyewajua watu wake.

Na ile siku yenyewe? Anas bin Malik (R.A.) alikuwa kijana, akiwanywesha wageni nyumbani kwa Abu Talha kinywaji kilichotengenezwa kwa tende. Mpiga mbiu akasikika nje akitangaza kwamba pombe imeharamishwa. Anas akaambiwa atoke akaimwage, na inasimuliwa kwamba barabara za Madina zilitiririka. Vijana wengi hupenda kisa hiki kwa sababu ya utiifu uliomo, na ni haki yao. Lakini angalia na jambo jingine: iliyomwagwa si ya mtu mmoja. Mtungi wa jirani ulimwagwa pia, na wa rafiki, na wa mwenye kuuza. Aliyeshikwa na hamu usiku ule hakuwa na pa kwenda, wala hakuwa peke yake katika kuisikia.

Pamoja na hayo yote, wako walioteleza. Tunalisahau hili. Katika Bukhari kuna habari ya sahaba mmoja aitwaye Abdullah, mtu wa mizaha aliyekuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.), ambaye aliletwa kuadhibiwa kwa kunywa si mara moja. Safari moja mtu mmoja akamlaani mbele ya watu, Mtume akamkataza asimlaani, akashuhudia kwamba mtu huyo anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilikuwepo, lakini mlango haukufungwa.

Kisha kuna Abu Mihjan wa kabila la Thaqif, mshairi na shujaa, ambaye kwa pombe alikuwa mkaidi kweli kweli. Alipigwa mijeledi mara kadhaa bila kuacha. Wanahistoria wanasimulia kwamba katika vita vya Qadisiyya, karibu mwaka 636, alikuwa amefungwa minyororo na amiri wa jeshi, Saad bin Abi Waqqas. Akamsihi mke wa Saad amfungue akapigane, akiahidi kurudi. Akapigana, na jioni akarudi mwenyewe kwenye minyororo. Saad alipojua, akasema hatampiga tena kwa ajili ya pombe. Na Abu Mihjan akajibu kwamba basi yeye naye hatainywa tena. Mjeledi ulipoondoka, na chupa ikaondoka! Silisemi hili kupinga hukumu, nani mimi. Nalisema kwa sababu linatuonyesha mtu aliyeshindwa na adhabu miaka yote, akawezwa na kuaminiwa siku moja.

UASIN GISHU: MARUFUKU JUU YA MARUFUKU

Tuje kwetu. Wanandi na jamaa zao Wakalenjin walikuwa na pombe yao ya nafaka kabla ya mzungu. Ilikuwa ya wazee, wameketi kukizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Kijana kunywa ilikuwa aibu. Sisifu pombe, naeleza tu kwamba ilikuwa na uzio: umri, msimu wa mavuno, na macho ya watu.

Uzio ulivunjika vipi? Mwaka 1908 msafara wa Makaburu ukiongozwa na Jansen van Rensburg ulipanda hadi nyanda hizi. Ardhi ikagawanywa mashamba yenye namba, na mji wa Eldoret ukaota kwenye shamba namba 64. Ndiyo maana mpaka leo wazee wanauita Sisibo. Reli ikafika 1924. Watu wakaja kutoka kila pembe kufanya kibarua mashambani, mbali na wazee wao. Hela za mwisho wa mwezi, baridi ya huku juu, upweke. Msomaji, hapo pombe ilipata wateja.

Na sheria ilikuwaje? Mataifa ya Ulaya yalikubaliana Brussels mwaka 1890, kisha Saint-Germain mwaka 1919, kuzuia pombe kali isiuzwe kwa Waafrika. Mzungu aliruhusiwa kunywa chochote, Mwafrika akipatikana na pombe kali alikuwa na kesi. Basi watu wakatengeneza yao kwa siri. Kule Kibera, wanajeshi wa asili ya Sudan waliotumikia jeshi la mkoloni walipewa makazi lakini hawakupewa maisha ya maana, na baadhi ya familia zikaanza kukeneka pombe iliyojulikana kama jini ya Kinubi. Ndiyo, familia za Waislamu. Naandika hili bila kumcheka mtu, kwani njaa ina mambo yake, lakini tusijidanganye kwamba pombe ni habari ya majirani tu. Vikwazo vile vya ubaguzi viliondolewa kidogo kidogo kabla ya uhuru wa 1963, na kufikia hapo ufundi wa kukeneka ulikuwa umeshaenea nchi nzima.

Mwaka 1980 Bunge likapitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Marufuku hiyo ilidumu miaka 30. Katika miaka hiyo 30 nani hakujua chang'aa inapatikana wapi? Mama pima alilipa chochote kwa wakubwa wa mtaa, msako ukaja ukapita, biashara ikarudi jioni. Na kwa kuwa ilikuwa ya gizani, hapakuwa na wa kukagua kilichomo. Novemba 2000, katika mitaa maskini ya Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kinywaji kilichoitwa kumi kumi, kwa sababu glasi iliuzwa shilingi 10. Kilikuwa kimechanganywa methanoli, sumu inayopofusha macho kabla haijaua. Wengine walinusurika, lakini vipofu.

Sheria mpya ikaja 2010, ile tunayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeipigania. Ikafuta marufuku ya chang'aa, ikataka pombe yote ipimwe na iwekwe lebo, ikaweka saa za baa, saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na ikakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18. Ilikuwa na busara yake. Hata hivyo Mei 2014 watu wakafa tena kwa makumi katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 Kirinyaga ikazika wake. Utafiti wa NACADA uliotolewa 2022 ulikadiria kwamba watu milioni 3.2 wenye umri kati ya miaka 15 na 65 wanakunywa pombe nchini, yaani karibu mtu 1 katika kila 8.

Sasa angalia orodha hiyo yote, kutoka 1890. Kila sheria ilimhusu muuzaji, au mtengenezaji, au chupa. Yule jamaa anayeamka saa 11 alfajiri mikono inatetemeka, anayetaka kuacha kweli lakini hajui atafikaje saa 4, mnaona alitajwa wapi? Marekani nao walijaribu kupiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia 1920, wakaiondoa wenyewe 1933.

WALEVI WAWILI, KISHA ELDORET

Miaka miwili baadaye, mwezi Mei 1935, mfanyabiashara mmoja Mmarekani aitwaye Bill Wilson alikuwa katika hoteli mjini Akron, jimbo la Ohio. Alikuwa hajanywa miezi kadhaa. Biashara iliyompeleka ilikuwa imevunjika, mfukoni hana kitu, na pale hotelini sauti za baa zinamwita. Hamu ikampanda. Badala ya kuingia baa aliiendea simu, akapigia makanisa kuuliza kama wanamjua mlevi yeyote anayeweza kuzungumza naye. Hakutafuta mhubiri, alitafuta mlevi! Akaunganishwa na daktari aitwaye Bob Smith, naye hoi. Wakazungumza saa nyingi. Daktari huyo alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na chama kilichotokana nao leo kina vikundi duniani kote, vingine katika nchi za Kiislamu. Kitu walichogundua si kikubwa: hamu ukiisema kwa mtu anayeijua, inapungua nguvu.

Haya, na Eldoret? Hapa ndipo ninapotaka vijana wenzangu wafungue macho, kwa sababu tunapita pale mjini kila siku. Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianza kushirikiana katika mambo ya udaktari mwaka 1989, na mwaka 2001, pamoja na Hospitali ya Rufaa ya Moi, wakaanzisha mpango wa kutibu UKIMWI unaojulikana kama AMPATH. Madaktari wakagundua kwamba pombe inawaharibia kazi, maana mgonjwa aliyelewa hamezi dawa. Wakatengeneza mafunzo ya kuacha pombe, ya vikao 6, kikao kimoja kwa wiki, kwa vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali. Yalifanywa kwa Kiswahili, na walioyaendesha si madaktari, bali watu wa kawaida wa hapa hapa waliofunzwa kazi hiyo.

Jaribio la kwanza lilikuwa la watu 75, matokeo yakachapishwa 2011. Walipofuatiliwa siku 90 baadaye, asilimia 69 ya waliopitia vikao walisema hawanywi, na katika wale waliopata huduma ya kawaida tu ni asilimia 38. Ni maneno yao wenyewe, kwa hiyo pima kwa tahadhari. Ndipo likafanywa jaribio kubwa la watu 614, likachapishwa 2021, na safari hii kundi la pili nalo lilipewa vikao, lakini vya elimu ya afya. Waliofunzwa kukabili pombe walikunywa siku chache zaidi, na siku waliyokunywa walikunywa kidogo zaidi. Si muujiza. Lakini ni kazi iliyofanyika Sisibo, kwa lugha yetu, bila askari hata mmoja.

HAMU YENYEWE

Wanafundishwa nini? Mafunzo ya namna hii yanaanza na swali: hamu yako hukujia wapi, saa ngapi, ukiwa na nani? Kwa sababu haiji ovyo. Inakuja kwa kichocheo. Kwa mmoja ni siku ya mshahara, kwa mwingine ni steji ya boda boda jua likizama, kwa mwingine ni kugombana na mkewe. Mwingine ni asubuhi, ile ya kutaka kutoa loki. Ukishajua, unapanga kabla: hela anashika mama watoto, njia ya kurudi nyumbani inabadilishwa, na maneno ya kukataa unayafanyia mazoezi kwa sauti mpaka yatoke bila kigugumizi. Kumwambia rafiki uliyekunywa naye miaka 10 kwamba huendi si jambo dogo, msilichukulie hivyo.

La pili ni kwamba hamu ina mwisho. Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington aliifananisha na wimbi: linapanda, linafika kilele, linashuka, hata usipokunywa. Mara nyingi ni dakika chache, nusu saa ikizidi. Mlevi hudhani itaendelea kupanda mpaka imuue, kwa hiyo anakunywa kabla hajaiona ikishuka. Anayeivuka mara moja ameshajua kitu. Basi afanye jambo lolote katika nusu saa hiyo. Ampigie mtu simu, aende bafuni aoge, atembee. Mwenye udhu asali rakaa mbili.

Na la tatu, Marlatt na mwenzake Judith Gordon waliliandikia kitabu mwaka 1985: tofauti ya kuteleza na kuanguka. Mtu akionja glasi moja baada ya miezi 3, kinachomrudisha kwenye ulevi mara nyingi si glasi ile, ni maneno anayojiambia baadaye. Kwamba nimeshaharibu, mimi ni bure, acha nimalize mzinga. Na sisi jamaa zake ndio wa kwanza kumsaidia kusema hivyo. Rudi juu ukasome tena kisa cha Abdullah.

Sasa turudi kwa yule mtu wa siku 30. Katika Ramadhan vichocheo vyake vyote vimeondolewa bila yeye kuvigusa. Mchana amefunga, jioni anangojewa nyumbani kwa futari, usiku yuko tarawehe, marafiki zake wa maskani wenyewe wanamwonea haya. Mji mzima unamshikilia, kama Madina. Idi inapotangazwa vyote vinarudi saa moja: mchana mrefu, hela mfukoni, simu inaita. Na katika siku 30 hizo hakuna aliyekaa naye akamuuliza atafanya nini tarehe 2 Shawwal.

Kuna jambo moja la hatari lazima liandikwe wazi. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikata ghafla, mwili wake unaweza kumgeuka. Kutetemeka, jasho, kutapika, kisha degedege katika siku mbili za kwanza. Na kati ya siku ya 2 na ya 4 anaweza kuona vitu visivyokuwepo na kuchanganyikiwa. Hii inaua. Si jini, si uchawi, na kumfungia chumbani asomewe peke yake haitoshi. Apelekwe hospitali kabla hajakata, si baada, na kama ni siku za mwisho za Shaaban aende hivyo hivyo, amuulize daktari na habari ya kufunga. Allah amempa mgonjwa ruhusa katika aya zile zile za saumu. Dawa zipo za kutuliza kipindi hicho, na zipo nyingine za kupunguza hamu baadaye, kama naltreksoni, zinazotolewa kwa maagizo ya daktari.

Kutoka Cheptiret hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi ni matatu moja tu. Asiyeweza kwenda, au anayeona haya, NACADA wana namba ya bure, 1192, anaweza kuuliza bila kumwambia mtu wa nyumbani. Na kwa msikiti ambao una vijana wawili watatu walio tayari kukaa kwenye mkeka na watu sita, mara moja kwa wiki, wiki sita, muda huo unaenea ukianza katikati ya Ramadhan: vikao viwili kabla ya Idi, na vinne baada yake, katika Shawwal, wakati tarawehe zimekwisha na simu zimeanza kuita.